Chaki Kabla ya Tindo

Mwaka mzima tulitafuta hasara mahali isipokuwepo.
Kaka yangu Chola alibishana na wauza mapipa hadi sauti ikamkauka,
akapunguza bukari ya wanagenzi,
akaongeza maji kwenye rangi nyeusi,
na jioni daftari langu
lilisema lile lile:
mbabula moja, faranga zinazoingia,
faranga zinazotoka,
na katikati nafasi ya kupitisha wembe.

Nikamwuliza: kwa nini miguu minne?
Baba aliweka minne.
Kwa nini duara liwe shubiri mbili na vidole vitatu?
Ndivyo ilivyokuwa sufuria ya mama.
(Sufuria yenyewe ilitoboka mwaka ule treni zilipoacha kuja.)
Kwa nini ribiti kumi na mbili?
Akapangusa tindo lililokuwa safi.

Ua wetu wa Katuba una saruji yenye ufa mmoja mrefu.
Nilifagia. Nikaazima chaki ya shule ya mtoto Mwepu,
nikachora pipa lililopasuliwa na kulazwa kama mkeka,
nikapanga maduara juu yake.
Matano. Na pembeni ukanda, upana wa kiganja,
ule tunaoutupa kila siku,
kila siku, tangu baba.
Nikafuta kwa ndala.
Nikapunguza duara vidole viwili.
Yakaingia sita.

Tazama kufuta chaki kulivyo rahisi.
Hakuna makala yaliyochomwa,
hakuna kungojea umeme hadi saa nane za usiku,
hakuna kidole kilichokatika.
Kosa la chaki huondoka na ndala.
Kosa la tindo utaliuza kwa kilo.
Kosa lililokwisha kupakwa rangi na kufika sokoni
hurudi lenyewe, limeshikwa mkono na mteja.

Kuhusu miguu, nilimpeleka kwa jirani, Mama Musau,
akaone mafiga yake.
Matatu. Hayajawahi kuomba la nne,
na uwanja wake una mashimo kuliko barabara ya Kasumbalesa.
Minne hugombana na ardhi, mitatu huelewana nayo.
Chola alicheka kwa pua. Kisha akainama,
akaufuta mguu mmoja yeye mwenyewe,
polepole, kama mtu anayemfumba macho marehemu.

Tukakata kwanza katoni ya sabuni.
Mbabula ya karatasi ikasimama mezani,
tukaipindua, tukaikunja vibaya,
ikatusamehe.

Hapo uroho ukaniingia mimi.
Nikafuta ribiti, zikabaki nane. Sawa.
Zikabaki sita. Sawa.
Nikafuta na kisahani cha majivu,
bati lake, bawaba yake, nusu saa ya mkono wa mtu.
Daftari likanichekea.

Wiki ya pili Mama Musau aliingia,
unyayo umefungwa kitambaa, mbabula mkononi.
Hakufoka.
Aliiweka katikati ya ua, juu ya mistari yangu,
akaketi kando yake.

Sikuwa nimemchora.
Nilichora bati, nikachora ribiti,
nikasahau nyayo zinazosogelea moto
usiku wa Juni, baridi inapouma.

Kisahani kilirudi. Si cha duara tena:
tunakikata kwenye kipande cha pembe tatu
kinachobaki maduara yanapogusana,
na wateja wanadhani ni urembo.

Kutoka uani hapa unaonekana ule mlima mweusi,
mavi ya shaba ya miaka na miaka,
na bomba refu pembeni yake.
Chola huuangalia anapokunywa maji.
Jana alisema, bila kunigeukia:
hata ule, kuna asubuhi ulikuwa mstari tu,
na mtu mwenye ndala alipita karibu.

Mimi sikujibu. Niliandika kwenye daftari:
chaki, pakiti mbili.